Nati zilizoshikwa na chumvi: kubadilisha tairi la gari la familia hapa Tanga

Gari linalolala Raskazone au Mwambani lina shida ambayo gari la Dodoma haliijui: chumvi. Hewa ya bahari inaingia kwenye nati za magurudumu, kwenye skrubu ya jeki, na kwenye uso wa habu, yaani kitovu cha chuma pale rimu inapokalia, na inakula chuma mwaka mzima bila wewe kuona chochote. Siku ya pancha, umeshapita Muheza na watoto wako kiti cha nyuma, ndipo unakuta nati hazifunguki, jeki imeganda kwa kutu, na hata nati zote zikitoka, gurudumu halibanduki. Kubadilisha tairi kwenyewe ni kazi ya dakika 20. Inageuka kuwa ya saa mbili kwa sababu ya mambo ambayo yangemalizika nyumbani kwa jioni moja, kwa hiyo naanzia nyumbani.

Toa vifaa vyote vya tairi kwenye gari uvilaze chini uvione: tairi la spea, jeki, mkono wa kuzungushia jeki na spana ya nati. Magari mengi tunayoendesha yameletwa yakiwa yametumika Japani, yakapita mikononi mwa watu kadhaa kabla yako, na vifaa hivi hupotea humo njiani. Mara nyingi jeki ipo ila mkono wake haupo, na jeki bila mkono haina msaada. Kwenye vani na baadhi ya magari marefu, spea huning'inia chini ya gari kwa nyororo na hushushwa kwa kuzungusha skrubu maalumu kutoka ndani. Nyororo hiyo nayo hushika kutu, tena kuliko kitu kingine chochote, kwa sababu inapigwa na maji ya barabarani. Ishushe, isafishe kwa brashi ya waya, ipake grisi, uirudishe. Gari jingine, hasa la miaka ya karibuni, halikuja na spea kabisa. Kwenye buti utakuta chupa ya gundi na pampu ndogo ya umeme. Gundi hiyo ina tarehe ya mwisho iliyoandikwa kwenye chupa, na haifanyi kitu kwa tairi lililochanika ubavuni. Kama gari lako ni la aina hiyo na unasafiri na familia, tafuta rimu na tairi la spea ulibebe.

Angalia na saizi ya nati. Toyota nyingi za familia, kuanzia Vitz na IST hadi Noah, zinatumia spana namba 21. Honda ni namba 19. Spana ya msalaba yenye vichwa vinne inafaa kuliko ile iliyopinda inayokuja na gari, kwa sababu unasukuma kwa mikono miwili na haichomoki kirahisi. Kagua pia kama kila gurudumu lina nati moja yenye umbo tofauti na wenzake. Hiyo ni nati ya kufuli, na ina kichwa chake maalumu ambacho bila hicho spana yoyote ni bure. Kitafute kwenye kisanduku cha dashibodi au ndani ya kifuko cha jeki. Usipokiona, peleka gari gereji nati hizo zitolewe ziwekwe za kawaida, na ufanye hivyo kabla ya safari.

Halafu kuna kazi ya nati zenyewe, ambayo haihitaji hata jeki. Gari likiwa chini, fungua nati moja tu, itoe, sugua nyuzi za stadi, ile skrubu iliyotokeza ambayo nati hufungwa juu yake, kwa brashi ya waya kavu, pangusa kwa kitambaa, rudisha nati kwa mkono mpaka ifike mwisho, ikaze, ndipo uende kwenye nati inayofuata. Gurudumu zima unalimaliza kwa dakika 10. Nati ikigoma kuingia kwa vidole, nyuzi zimeharibika au zimejaa kutu. Bora uligundue hilo uani kwako.

Hapa kuna jambo ambalo mafundi wengi hubishana nalo: grisi kwenye stadi. Mimi siikubali. Kipimo cha kukaza kilichowekwa na kiwanda ni cha nyuzi kavu. Ukipaka grisi, nati inateleza, nguvu ileile ya mkono inavuta stadi zaidi ya inavyotakiwa, na stadi iliyovutwa kupita kiasi hudhoofika hadi siku moja ikatike. Mahali pa grisi ni sehemu moja tu: gurudumu likishatolewa, kwenye ile duara ya katikati ya habu inayoingia kwenye tundu la rimu. Sugua kutu hapo kwa brashi, paka grisi nyembamba kama utando, na uhakikishe haifiki kwenye stadi wala kwenye diski ya breki. Rimu za alumini ndizo zinazohitaji hili zaidi. Alumini ikikutana na chuma na maji ya chumvi yakawepo kati yao, alumini huota unga mweupe, chuma huota kutu nyekundu, na vyote viwili vikashikana.

Kuhusu spea yenyewe, pima upepo wake kila mwezi pamoja na matairi mengine. Kipimo cha gari lako kimeandikwa kwenye kibandiko ubavuni mwa mlango wa dereva. Kwa gari la Japani namba ziko kwa kPa, na 220 ni sawa na PSI 32, 240 ni PSI 35. Pima asubuhi kabla gari halijatembea, kwa sababu tairi la moto linaonyesha upepo mwingi kuliko uliopo. Ile spea nyembamba ya muda ina sheria yake: inajazwa kPa 420, yaani PSI 60, na mwendo wake hauzidi kilomita 80 kwa saa. Namba hizo zimeandikwa ubavuni mwake, lakini wajaza upepo wengi huitia 30 kama tairi la kawaida, na hiyo ni nusu tu ya inachohitaji. Ukiipakia gari lenye abiria watano inalala. Soma pia tarakimu nne za mwisho kwenye maandishi yanayoanza na DOT. 2316 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2016. Tairi lililokaa kwenye buti miaka 10 bila kugusa lami bado limezeeka, mpira umekauka, na mipasuko midogo kwenye ubavu ndiyo dalili yake.

Kitu cha mwisho cha kubeba ni ubao. Barabara nyingi za pwani zina mchanga kando, na jeki ya skrubu ina kitako kidogo kinachozama. Chukua kipande cha mbao ngumu ya moja kwa nane (unene inchi moja, upana inchi nane), urefu wa sentimita 30. Mbao ya inchi mbili ni nene mno: tairi likishalala gari linashuka, na jeki juu ya mbao nene haipiti chini yake.

Sasa pancha yenyewe. Usukani ukianza kuvuta upande mmoja au nyuma ya gari ikawa inayumba, usikanyage breki kwa ghafla. Ondoa mguu kwenye mafuta, shika usukani kwa mikono miwili, acha gari lipunguze mwendo lenyewe, kisha toa indiketa ya kushoto utoke barabarani. Tafuta mahali pa tambarare na pagumu hata kama ni mita 200 mbele. Kulitembeza tairi lililolala kunaweza kuliharibu moja kwa moja, hilo ni kweli, lakini tairi linanunuliwa. Kwenye kona, kwenye mteremko, na mahali ambapo malori ya saruji yanapita sentimita chache kutoka mgongoni mwako, usifanye kazi hii. Njia ya kupanda Amani kutoka Muheza ina vipande virefu ambavyo hufai kuinua gari hata kidogo. Tembea polepole mpaka upate pa kusimama pasipo na mwinamo.

Washa taa za dharura. Abiria wote washuke kwa mlango wa kushoto, wasimame mbali na barabara, wala wasikae mbele au nyuma ya gari. Hakuna anayebaki ndani, hata mtoto aliyelala: uzito ukisogea juu ya jeki, gari linaanguka. Weka pembetatu nyuma ya gari hatua 100 kwenye barabara kuu. Gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa linapita mita 22 kila sekunde, na dereva anahitaji kuona, kuelewa na kukanyaga breki. Kama umesimama baada ya kona, pembetatu ikae kabla ya kona. Ukitumia matawi ya miti, yaondoe unapoondoka. Yakiachwa yanamletea ajali mtu wa usiku.

Kisha zuia magurudumu kwa mawe au vipande vya mbao. Watu huona gia ya otomatiki ikiwa P, ile ya kuegesha, na hendibreki ikiwa juu wakadhani inatosha. Magari mengi ya familia yanaendeshwa na magurudumu ya mbele. P inashika ya mbele tu, na hendibreki inashika ya nyuma tu. Ukiinua gurudumu moja la mbele, difu, gia inayogawa nguvu kati ya magurudumu mawili, inaliruhusu lililo hewani lizunguke, na mwenzake aliye chini naye anakuwa huru. P imekwisha kazi, umebaki na hendibreki peke yake, na kebo ya hendibreki katika magari mengi yaliyotumika muda mrefu imelegea. Ukiinua la nyuma, hendibreki inabaki na gurudumu moja. Kwa hiyo jiwe ni lazima, na linakaa kwenye gurudumu la kona iliyo mkabala: pancha ikiwa mbele kulia, zuia nyuma kushoto, mbele na nyuma ya tairi.

Legeza nati kabla ya kuinua gari, kwa sababu gurudumu lililo hewani linazunguka na spana. Nati hufunguka kinyume na mshale wa saa. Elekeza mkono wa spana upande wa kushoto, ulale sawa na ardhi, kisha usukume kwenda chini. Hapo uzito wa mwili ndio unaofanya kazi na mgongo haupati shida. Kichwa cha spana kiingie mpaka mwisho. Kikiingia nusu, kinakula pembe za nati, na nati ikishakuwa duara hiyo ni kazi ya mtu wa kuchomelea. Ikigoma, kipande cha bomba la chuma cha sentimita 60 kivishwe kwenye mkono wa spana kitaongeza nguvu. Kama una mafuta ya kulegeza kutu, pulizia kidogo, subiri dakika 10, jaribu tena. Kila nati ilegee nusu mzunguko tu, isitoke.

Jeki inakaa kwenye ule ukingo wa bati unaoshuka chini ya mlango, kati ya vikato viwili vidogo, nyuma ya gurudumu la mbele au mbele ya gurudumu la nyuma. Pitisha kidole utavihisi hata gizani. Ukiiweka sentimita 10 pembeni, kwenye bati la sakafu, jeki inatoboa au inakunja. Mfereji wa juu ya jeki uukumbatie ukingo huo, na jeki isimame wima. Ikianza kuinama unapozungusha, shusha, panga upya. Gari likiwa limeshuka mno jeki haipiti, endesha polepole tairi bovu lipande juu ya ubao, zuia magurudumu, kisha jaribu tena. Inua mpaka tairi liache ardhi, halafu ongeza sentimita 5 au 6, kwa sababu spea iliyojaa inahitaji nafasi kubwa kuliko lile lililolala. Kuanzia hapa mkono wala mguu usiingie chini ya gari. Ila spea iingize: ilaze chini ya ukingo wa mlango karibu na jeki, ili jeki ikikwepa gari liangukie tairi na lisiangukie diski.

Toa nati, zikusanye ndani ya kofia ya gurudumu au kwenye kitambaa, kwani mchanga kwenye nyuzi ni msasa. Gurudumu likikataa kutoka, ndiyo ile chumvi. Usiliyumbishe kwa nguvu gari likiwa juu ya jeki. Rudisha nati mbili au tatu kwa mizunguko mitatu hivi kila moja, toa spea chini, shusha gari, ondoa jeki na mawe, kisha lisogeze mbele na nyuma nusu mita huku ukigusa breki kidogo. Uzito wa gari unalivunja lile ganda la kutu, utasikia mlio mkavu. Zuia magurudumu upya, inua tena, gurudumu linatoka kwa mikono miwili.

Lisukume tairi bovu chini ya gari mahali pa spea, uichukue spea. Usiinue kwa mgongo. Chuchumaa, weka ncha ya kiatu chini ya tairi uitumie kama wenzo, lenga tundu la juu kwanza kwenye stadi, mengine yatafuata. Upande wa nati uliochongoka kama koni uelekee kwenye rimu. Ukiugeuza, gurudumu halikai katikati na nati italegea njiani. Hapa pia ndipo wenye rimu za sporti hukwama: nati zake huenda hazikai kwenye rimu ya chuma ya spea, kwa hiyo beba seti ya nati za kawaida pamoja na spea.

Funga nati zote kwa vidole kabla ya kugusa spana. Zibane kidogo kwa kuruka: kwenye nati tano unaruka moja kila mara kama unachora nyota, kwenye nne unakwenda kwa mkabala. Toa tairi bovu chini, shusha gari mpaka tairi liguse ardhi na lisizunguke, kaza, shusha kabisa, kaza tena duru ya mwisho kwa mpangilio uleule.

Ikazwe kiasi gani? Kwa Toyota nyingi za abiria kipimo ni Nm (nyutoni-mita) 103. Ukiwa na spana yenye mkono wa sentimita 35, hiyo ni nguvu ya kilo 30 mwishoni mwa mkono, zaidi kidogo ya nusu ya mfuko wa saruji. Kwa spana fupi ya sentimita 25 ni kama kilo 42. Mtu wa kilo 75 akisimama juu ya ile ya sentimita 35 anaitia nati karibu mara mbili na nusu ya kipimo. Kwa hiyo kaza kwa mikono na uzito wa mabega, bila kupanda juu na bila bomba. Bomba ni la kufungulia. Kisha rudia kukaza baada ya kilomita 50 hadi 100, kwa kuwa utando wa kutu na rangi kati ya rimu na habu hubonyea na nati zikapata nafasi. Ukibadilisha Tanga mjini, kituo cha kukagua ni Segera, kilomita zipatazo 70.

Tairi bovu lizibwe siku hiyohiyo. Vibanda vya pancha havikosekani kando ya barabara, unavijua kwa tairi kuukuu lililosimamishwa mbele, lakini simama uone kazi. Tairi lizamishwe lote kwenye maji, kwani msumari mmoja huja na mwenzake, na vipande vya waya kutoka matairi ya malori ni vidogo kiasi cha kutoonekana. Tundu lililo katikati ya kashata, sehemu ya tairi inayogusa barabara, na lisilozidi milimita 6 linazibika. Lililo ubavuni au begani halizibiki kwa usalama, hata fundi akikuhakikishia. Na mawe ya matumbawe kwenye njia za kuingia ufukweni Kigombe hukata huko huko ubavuni. Kile kikamba cha mpira kinachosukumwa kutoka nje kinakufikisha nyumbani, kiraka cha ndani ndicho cha kudumu. Na tairi likivuliwa, omba ulione ndani: ukikuta unga mweusi wa mpira, ubavu umesagika lilipotembea bila upepo, na tairi hilo halifai kurudi barabarani na watoto.

Kama hakuna msumari wala tundu na upepo unapungua kila baada ya siku chache, paka povu la sabuni kuzunguka mdomo wa rimu na kwenye vali. Rimu za alumini za hapa pwani huota ule unga mweupe pale tairi linapokalia, na upepo unapenya hapo. Dawa yake ni kuvua tairi, kusugua mdomo wa rimu mpaka uwe laini, kubadilisha vali ya mpira, na kuvisha tena. Kuweka tyubu ndani, kama wengi wanavyoshauriwa, kunaficha tatizo na kuleta jingine: tyubu ikitobolewa hutoa upepo wote kwa mara moja, wakati tairi lisilo na tyubu huvuja taratibu likakupa nafasi ya kusimama.

Fundi akirudisha gurudumu kwa bunduki ya upepo, mwombe azilegeze nati azikaze upya kwa spana ya mkono mbele yako, la sivyo utashindwa kuzifungua mwenyewe siku nyingine. Na spea inaporudi kwenye shimo la buti, ilaze upande ambao vali itatazama juu, ili kipimo cha kila mwezi kichukue nusu dakika bila kuitoa.